Mpaka wa Sapiwi Haukuchorwa kwenye Mashine ya Abdallah

Siku ya kuniaga kazini, mpima wetu kijana, Elisha, ambaye ofisi ilimpa jukumu la kusherehesha, alisimama mbele ya wageni akatangaza kwamba mimi ndiye mpima ardhi pekee katika Mkoa wa Simiyu aliyewahi kumaliza mgogoro wa ardhi kwa mchezo wa video. Alieleza kwamba zamani, nilipokuwa bado binti, niliwachukua wadai wawili kutoka Sapiwi, nikawapeleka dukani, nikawasimamisha mbele ya mashine ya gemu na kuwaambia kwamba atakayeshinda ndiye mwenye eneo. Watu walicheka sana. Hata mgeni rasmi alicheka, naye si mtu wa kucheka ovyo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa, nimevishwa shada la maua ya karatasi, na mtu aliyevishwa maua ya karatasi hana namna ya kusimama akapinga hoja.

Nilidhani utani utaisha pamoja na pilau. Haukuisha. Mvua za msimu huu zilipoanza kukata, utani ule ulikuwa umekwisha kufika Sapiwi, na kule haukupokelewa kama utani. Jilala, mkulima wa pamba ambaye nilimfahamu tangu akiwa anabebwa mgongoni, alisimama katika mkutano wa kijiji akasema kwamba mapito ya ng'ombe yanayopakana na shamba lake yalitokana na gemu, kwamba wataalamu wenyewe wamekiri, na kwamba msimu ujao atayalima. Kwa wasioijua Sapiwi, naeleza mara moja: mapito yale yakifungwa, ng'ombe wa upande wa machweo hawana njia nyingine ya kufika lamboni wakati wa kiangazi. Watakufa wakiwa wanayaona maji.

Kwa sababu hiyo ninaandika, na ninawaandikia ninyi mliobaki katika Idara ya Ardhi. Vyeo na mishahara sitavigusa. Hivyo vimo katika faili langu la masijala, na faili hilo halijapata kumchekesha mtu yeyote.

Nilifika Bariadi wakati wilaya ikiwa bado chini ya Mkoa wa Shinyanga, nikitoka chuoni na cheti changu ndani ya bahasha ya kaki. Nilipokewa na Bwana Nsajigwa, mpima wa wilaya, mtu mrefu, mkimya, aliyevaa kofia ya turubai ambayo sikuwahi kumwona hajaivaa isipokuwa kanisani. Hakukitazama cheti. Alinipa kitambaa, kopo la mafuta na tepu ya chuma, akaniambia niifute yote, kutoka mwanzo wa tepu hadi mwisho, kwa sababu ilikuwa imetoka mbugani. Kazi hiyo ilinichukua asubuhi nzima. Udongo wa mbuga za kwetu mnaujua: ukilowa hushika kila kitu, na ukikauka hauachii. Nilipomaliza alivuta tepu kidogo kwa vidole viwili, akavitazama vidole, akanirudishia kitambaa.

Mchana alinipeleka uwandani. Nilidhani nitaigusa teodolaiti, ile darubini ya kupimia pembe. Nilipewa fito, ile yenye rangi nyekundu na nyeupe, nikaambiwa nisimame nayo kwenye kichuguu na niishike wima. Kushika fito wima si kazi ndogo kama inavyoonekana kwa mtu aliyekaa kivulini. Upepo unaisukuma, jasho linaingia machoni, na mtu aliye mbali nyuma ya darubini anapunga mkono kushoto, kulia, kushoto tena, bila kusema lolote. Vibarua waliniita "binti wa fito" kwa muda mrefu. Baadaye waliniita Mama Mpima, na jina hilo sikupewa na barua yoyote.

Nsajigwa alikuwa na fundisho moja alilolirudia kuliko mengine. Upimaji, kama mjuavyo, huanzia kwenye alama inayojulikana, hutembea kutoka kigingi hadi kigingi, na lazima urudi kwenye alama inayojulikana. Hapo ndipo hesabu inafungwa na kosa linaonekana. Kabla ya hapo huna kitu. "Mstari ambao haujafungwa si mpaka," alikuwa akisema. "Ni ombi tu. Na mtu yeyote anaweza kukataa ombi." Alikuwa anamaanisha hivyo kwa maana ya hesabu, lakini Bariadi maneno hayo yalikuwa kweli hata kwa macho. Ukiacha vigingi shambani jioni kabla hujafunga mzunguko, asubuhi utavikuta vimekuwa kuni.

Sasa nifike kwenye mashine, kwa kuwa ndiyo inayosemwa bila kueleweka.

Ng'ambo ya barabara kutoka ofisini kwetu palikuwa na duka la Abdallah, mzaliwa wa Ujiji aliyekuja kununua pamba, akaona kwamba wanunuzi wa pamba wote wana kiu, akaanza kuuza soda. Kwenye baraza la duka lake aliweka kabati refu la mbao lenye kioo cha televisheni, kijiti cha kushika na vitufe viwili. Mashine hiyo aliipata Mwanza, katika baa iliyokuwa ikifungwa. Iliendeshwa kwa jenereta lile lile lililopoza soda zake, na kwa hiyo siku za joto kali Abdallah aliwaomba watu wapumzike ili friji ipate nguvu.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Kioo ni uwanja mweusi, mtupu. Wewe ni alama ndogo inayotembea kwenye ukingo wa uwanja. Ukibonyeza kitufe, unaacha ukingo na kuingia ndani ukichora mstari nyuma yako. Ukifaulu kurudi ukingoni, kipande ulichokizungushia kinajaa rangi na kuwa chako. Lakini katikati ya uwanja kuna kitu kinachozunguka bila kutulia, kama fungu la fito za rangi zinazojikunja na kujikunjua. Kikigusa mstari wako kabla hujaufunga, umekufa. Ukishazungushia sehemu kubwa ya uwanja, umeshinda, na unaletewa uwanja mwingine mweusi. Hakuna cha bahati humo. Ni hesabu na subira.

Nsajigwa, ambaye hakunywa pombe wala kuvuta sigara, aliipenda mashine ile kwa namna ambayo mwanzoni ilinitia aibu. Kila mchana, baada ya chakula, alivuka barabara na kusimama mbele yake akiwa na kofia yake kichwani. Siku moja niliuliza, kwa adabu zote, kama watu hawatasema kwamba mpima wa wilaya anacheza.

"Hiki ndicho kipande pekee cha ardhi katika wilaya hii kisicho na matope," alinijibu bila kugeuka. "Njoo uone. Nini kinaniua?"

"Kile kitu."

"Hapana. Kinaniua kwa sababu nimetoka ukingoni bila kujua nitarudi wapi."

Kulikuwa na kitufe cha kuchora haraka na kitufe cha kuchora polepole, na mashine ilitoa alama nyingi zaidi kwa mstari wa polepole. Nsajigwa aliliona hilo kuwa jambo la busara kubwa. "Mashine inajua kwamba anayekwenda polepole alipwe zaidi," alisema. "Serikali bado." Huo ndio utani pekee niliowahi kumsikia akiutoa, na naamini hakuukusudia.

Mgogoro wa Sapiwi ulitufikia katika mwaka wa mvua nyingi. Kulikuwa na ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili nyasi zisimame na kufunguliwa wakati wa kiangazi. Ngitili ile ilikuwa katikati ya miji miwili, yaani kaya mbili. Mji mmoja ulikuwa wa Maduhu, mfugaji mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi zaidi. Mwingine ulikuwa wa Nkwimba, mjane kijana aliyelima pamba kwa maksai wake mwenyewe na ambaye hakuwa amewahi kumwachia mtu neno la mwisho. Ukingo wa zamani ulikuwa ua wa minyaa, na ua huo ulikuwa umeungua na moto wa kiangazi kilichotangulia. Kila mmoja alipoulizwa mpaka ulipita wapi, alionyesha mahali ambapo jirani yake alikuwa amesimama.

Mkipima kwetu mtalijua jambo hili: huku ua wa minyaa ulioshika mizizi ni madai kamili. Kwa hiyo Maduhu alianza kupanda minyaa kutoka upande wake akiingia ndani ya ngitili. Nkwimba alipoona hivyo alipanda kutoka upande wake. Maduhu akazungushia kipande kingine. Nkwimba akazungushia viwili. Mvua ilikuwa nyingi, minyaa ilishika, na kila wiki ngitili ilizidi kuwa na kuta za kijani na kupungua katikati.

Tulikwenda kupima mara tatu. Kila tulipoacha mzunguko bila kuufunga, kwa mvua au kwa giza, vigingi vyetu viling'olewa. Maduhu alisema ni Nkwimba. Nkwimba alisema ni fisi, na kwamba fisi huyo anaitwa Maduhu. Mara ya tatu watu wa pande zote mbili walikuja na marungu, na Nsajigwa alikunja teodolaiti akaiweka kwenye sanduku lake kwa utaratibu ule ule wa siku zote, akafunga kufuli, ndipo akasema tuondoke. Nilijifunza siku hiyo kwamba chombo hakifungwi haraka kwa sababu yoyote ile.

Waliitwa Bariadi kwa ajili ya kikao. Walifika wote wawili asubuhi, kila mmoja kwa njia yake. Kikao hakikuanza kwa sababu ufunguo wa chumba cha mikutano ulikuwa mfukoni mwa mtu aliyekwenda kwenye ufunguzi wa msimu wa pamba. Hili nalisema kama lilivyo. Jua likapanda. Nsajigwa aliona si sawa kuwaacha wanasimama uani wakitazamana, akawavusha barabara mpaka kwa Abdallah na kuwaagizia soda. Walikaa kwenye mabenchi mawili, mmoja mwisho huku na mwingine mwisho kule. Mimi nilikaa katikati kwa amri. Nsajigwa, kwa kuwa ulikuwa muda wake, aliisogelea mashine.

Kwa hiyo aliyecheza ni Nsajigwa. Nalirudia kwa ajili ya washereheshaji wa baadaye: Maduhu hakucheza, Nkwimba hakucheza, mimi sikucheza.

Maduhu alitazama kwa muda, kisha akasogeza benchi.

"Mzee, unafanya nini hapo?"

"Nazungushia eneo," Nsajigwa alijibu.

"Ee. Hiyo naijua kazi hiyo. Hapo kona umeacha nafasi. Zungushia."

"Usimsikilize huyo, baba," Nkwimba alisema kutoka kwenye benchi lake. "Hajawahi kuona nafasi akaiacha. Hata kaburini atapanda minyaa."

"Na wewe mayu nyamaza, hii ni ya wanaume," Maduhu alimwambia. Mayu ni mama, na kwetu hutamkwa kwa heshima; yeye alilitamka kama mtu anayetema mbegu.

"Mwanamume yupi? Huyo mwenye kofia anapima. Wewe unakunywa soda ya serikali."

Nsajigwa alizungushia kona. Kipande kikajaa rangi ya buluu, na Maduhu akapiga paja lake kwa furaha. Nkwimba naye, ambaye sasa alikuwa amesimama ili aone vizuri, akaonyesha upande wa pili kwa kidevu chake. Nsajigwa akaenda upande huo, polepole, akarudi, ukajaa. Walianza kumwelekeza kwa zamu, kila mmoja akipinga la mwenzake, na kwa muda nilisahau kwamba watu wale walikuja ofisini kwetu kwa sababu ya marungu. Uwanja ulizidi kujaa. Kile kitu cha katikati kilibaki na sehemu ndogo, kikijikunja kutoka ukuta hadi ukuta.

Maduhu aliacha kuelekeza.

"Na huyo?" aliuliza.

"Huyo ni adui," Nsajigwa alisema. "Nambana."

"Adui gani hana pembe." Maduhu alikaribia kioo hadi pua yake ikakaribia kukigusa. "Mbona anakwenda na kurudi hivyo? Huyo ana kiu. Anatoka wapi kwenda kunywa?"

"Hanywi. Ni umeme."

"Kila kinachotembea namna hiyo kina kiu, mzee. Mimi nimechunga tangu sijavaa suruali. Umemzungushia kote. Mlango uko wapi?"

Abdallah alicheka kutoka nyuma ya kaunta. Nkwimba hakucheka.

"Ni ng'ombe wako huyo, Maduhu," alisema. "Umemfungia wewe mwenyewe."

"Wangu?"

"Minyaa yako ya juu inafika kwenye kichuguu. Yangu ya chini inafika kwenye kichuguu. Lambo liko nyuma. Utapita wapi?"

Maduhu aliufuata mstari kwa kidole juu ya kioo, kutoka ukuta hadi ukuta. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, "Na maksai wako je?"

"Na maksai wangu," Nkwimba alikubali.

Hilo ndilo kosa lenyewe, na nataka mlielewe vizuri, kwa sababu mtakutana nalo tena. Walipanda nyua zao wakati wa mvua. Wakati wa mvua, mbugani kila shimo ni kisima na ng'ombe hunywa popote waliposimama. Hakuna anayekwenda lamboni. Mfugaji na mkulima wazoefu, watu waliojua kila nyasi ya Sapiwi, walipanda miezi yote ile wakigombea nyasi, wala hakuna hata mmoja aliyeikumbuka njia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiitumia. Sisi tuliokuwa na ramani hatukuikumbuka vilevile. Tuliulizwa mpaka, tukatafuta mpaka.

Wakati Nsajigwa alipokuwa akikaribia kuufunga mstari wake wa mwisho, jenereta lilikohoa likazima, na kioo kikawa cheusi chote. "Mafuta," alisema Abdallah. Nsajigwa aliendelea kukishika kijiti kwa muda kidogo, kisha akakiachia, akapangusa mikono kwa leso yake na kusema, "Basi twende tukapime njia kwanza. Mpaka utafuata."

Na ndivyo ilivyokuwa. Ufunguo ulipopatikana, kikao kilifanyika chumbani, mezani, kukiwa na mwenyekiti na mwandishi. Pande zote mbili zilikubali mapito ya ng'ombe yapite katikati ya ngitili hadi lambo, yakiwa na upana wa kutosha makundi mawili kupishana bila kukanyagana, na ngitili iliyobaki igawanywe kwa mapito yenyewe: juu kwa Maduhu, chini kwa Nkwimba. Makubaliano hayo yamo katika faili, na faili limo masijala. Halijapotea. Halijafunguliwa tu, kwa kuwa hadithi ya gemu ni fupi kuliko faili.

Tulipima asubuhi iliyofuata. Safari hii Nsajigwa aliniachia teodolaiti, na yeye akaenda kushika fito. Nilimpungia mkono kushoto na kulia, naye akatii kama kibarua. Maduhu na Nkwimba walikaa kando ya vigingi vyetu, kila mmoja akilinda kigingi kilicho karibu na mwenzake, na mzunguko ukafungwa kabla ya jioni. Mlangoni mwa lambo tuliweka bikoni mbili za zege, yaani alama za mpaka, moja kila upande wa mapito, na ya tatu kwenye kitako cha tuta la lambo.

Chini ya kila bikoni ya mlangoni Nsajigwa alifukia chupa ya soda, mdomo ukitazama chini. Ilikuwa desturi yake kwa mipaka aliyoihofia. Zege huonekana, na kinachoonekana kinaweza kuhamishwa. Chupa iliyofukiwa hakuna anayeikumbuka. Chupa zile mbili ndizo walizonywea Maduhu na Nkwimba siku ile ya soda, na kila moja aliifukia upande wa mwenyewe. Abdallah alizitoa kwa manung'uniko makubwa, kwa sababu bila chupa tupu hapati kreti mpya.

Miaka iliyofuata ilikuwa na kazi zake. Nilipima shule Migato, ambako kila jiwe nililoliweka mbuzi walilipanda kabla zege halijakauka. Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa nilipangiwa kazi Busega kwa muda, nikaikuta Nassa bikoni iliyokuwa ndani ya maji ya ziwa, na mwenye kiwanja akidai kwamba kwa mujibu wa ramani samaki walio hapo ni wake. Vyombo vilibadilika. Teodolaiti ilipelekwa stoo. Nsajigwa alistaafu akarudi kwao, na baadaye tulipata habari za msiba wake. Maduhu naye alifariki. Mashine ya Abdallah iliharibika kioo, na kabati lake wanawe walilifanya la kuwekea mikate. Kwa kumbukumbu sahihi, niliicheza mara nyingi baada ya siku ile na sikuwahi kushinda.

Nirudi kwa Jilala. Yeye ni mtoto wa Nkwimba.

Baada ya ule mkutano wa kijiji, Elisha alinipigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, kule Sapiwi mambo yamekuwa magumu kidogo."

"Nimesikia. Nasikia pia kwamba wewe ndiye uliyenipa sifa hizo."

"Nilikuwa nachangamsha watu, mama."

"Umewachangamsha. Bikoni zipo?"

Hazikuwepo. Ya kushoto ilikuwa imevunjwa na trekta, na ya kulia haikuonekana kabisa. Elisha alikuwa na namba za setilaiti za mahali bikoni zilipokuwa, lakini Jilala alikuwa amemwambia mbele ya watu kwamba kile kifaa chake chenye miguu mitatu kinasema chochote anachokiambia. Nilimwambia Elisha aje anichukue, na aje na koleo.

Tulifika Sapiwi mchana, nyasi zikiwa zimeanza kuwa njano. Jilala alikuwa amekwisha kulima mstari mmoja kuvuka mapito, kama mtu anayetia sahihi. Watu walikuwa wengi, wafugaji upande mmoja, ndugu zake upande mwingine. Niliwaamkia, nikatafuta bikoni ya tatu kwenye tuta la lambo, nikaikuta mahali nilipoiweka, imeota ukungu. Nilitoa tepu yangu ya chuma, ambayo niliifuta mwenyewe asubuhi ile, nikampa Elisha ncha yake. Alivuta. Nilimpungia mkono kushoto, kulia kidogo, kushoto tena. Aliponitazama nadhani alielewa kwamba nilikuwa ninafurahi.

"Chimba hapo ulipo," nilimwambia.

Wakati akichimba, Nkwimba alifika. Amezeeka, lakini alishuka kwenye bodaboda bila kushikwa mkono.

"Mwadila, mayu," nilimwamkia kwa salamu ya mchana.

"Mwadila, Mama Mpima. Umenenepa. Ni vizuri." Kisha akamgeukia mwanawe. "Nani alikwambia nilicheza gemu?"

"Watu wote wanasema, mama. Hata huyu mtaalamu alisema kwenye sherehe."

Elisha aliendelea kuchimba kwa bidii iliyozidi mahitaji.

"Sijawahi kukigusa kile kijiti. Maduhu hakukigusa. Alikishika yule mrefu wa ofisini, naye hakumaliza."

"Sasa nani alishinda?"

"Mafuta yaliisha," alisema Nkwimba.

Jilala aliwatazama watu waliokuja naye, kama anayetafuta mtu wa kumsaidia swali lingine. "Basi hii njia aliitoa nani?"

"Mimi niliitoa. Nusu yangu niliitoa mimi. Mimi ndiye niliyesema yule ni ng'ombe."

Kwa kumtendea haki marehemu, nilimkumbusha kwamba aliyeuliza mnyama anakunywa wapi alikuwa Maduhu.

"Swali lake, jibu langu," alisema Nkwimba. "Liandikwe hivyo." Nimeliandika.

Koleo liligonga kioo. Elisha alipiga magoti, akaondoa udongo kwa mikono, akatoa chupa, mdomo ukitazama chini, ya umbo la zamani ambalo vijana waliokuwepo hawakuwahi kuliona. Aliifuta kwa shati lake bila kuambiwa. Nkwimba aliipokea, akaigeuza, akamkabidhi mwanawe.

"Hii ni yangu au ya Maduhu?" Nkwimba aliniuliza.

Nilimwambia kwamba hapo ni upande wa chini, kwa hiyo ni yake.

Tulikuwa bado tumelizunguka shimo wakati kundi la mchana lilipofika, ng'ombe wa wajukuu wa Maduhu, wakiwa wamenusa maji. Walikuwa wengi na hawakuwa wanaongozwa, walikuwa wanakwenda. Elisha alinyanyua miguu mitatu ya kifaa chake akasogea. Wafugaji wakasogea. Jilala alibaki amesimama katikati ya mstari aliokuwa ameulima, chupa mkononi, dume la mbele likimjia bila kupunguza mwendo.

Jilala akapisha.